Mkweche kuingia uwanjani: kabla hujagusa injini, soma huu uzi

MkongeSita (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Tangu jamaa zetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, waanze kutualika kwenye zile siku za uwanja wa mbio za magari, simu yangu haipoi. Kila anayepiga ana gari la miaka ya tisini: Mark II GX100, Chaser, Altezza, Starlet, na kuna mmoja wa Mikanjuni ana Peugeot 504 aliyoachiwa na baba yake. Swali ni lile lile, "Kaka, nifunge nini iongeze moto?" Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, ndiyo maana nimeshusha uzi.

Jibu langu: usifunge kitu. GX100 yenye injini ya 1G-FE ilitoka kiwandani na farasi 140, zile za VVT-i 160. Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia uwanjani hao farasi wanatosha na chenji inabaki. Gari la umri huu likikuaibisha, halitakuaibisha kwa uhaba wa nguvu. Litakuaibisha kwa joto na kwa mpira uliozeeka, na hapa Tanga mambo yote mawili tunayo ya kutosha, juu yake ongeza chumvi ya bahari.

Kwa wasiojua, siku ya uwanja si mashindano. Hakuna kombe. Unaingia kwa zamu, dakika kumi na tano hadi ishirini, unatoka gari lipumue, zamu yako ikifika unarudi. Unampita mwenzako pale mlipokubaliana tu, na yeye akiwa amekupa ishara. Tanga hatuna uwanja wa lami wa namna hiyo, jadi yetu ni rali ya vumbi huko kwenye mkonge. Kwa hiyo ukienda unasafiri na gari hilo hilo, unalichapa siku nzima, halafu jioni unataka likurudishe nyumbani. Hapo ndipo hesabu yote ya maandalizi inapoanzia.

Nianze na breki, na hapa nitakaa.

Ukizidisha spidi mara mbili, kazi ya breki inazidi mara nne. Chukua gari la kilo 1,400 likiwa na dereva, linatoka 140 kwa saa kushuka hadi 60 kabla ya kona. Joto linaloachwa kwenye diski na pedi kwa kona hiyo moja lingetosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya bomba. Kona moja! Ukimaliza hiyo kuna nyingine inakusubiri, na mzunguko ukiisha unaanza upya. Utaendesha Tanga mpaka Dar bila kuziomba breki zako kazi ya namna hiyo. Anayezijua kidogo ni yule anayeshuka na gari kutoka Lushoto kwenda Mombo huku mguu umelala kwenye pedali. Ile harufu ya kule chini anaifahamu.

Kinachotangulia kushindwa si pedi, ni mafuta ya breki. Haya mafuta yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 mapya na 155 yakizeeka. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa jiulize yaliyomo kwenye mkweche wako yamekaa humo tangu lini, kwenye hewa hii ya pwani ambayo hata chumvi mezani haimwagiki. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu ni upepo, upepo unabinyika. Unakanyaga, pedali inaenda mpaka kwenye zulia, gari linaendelea na safari yake.

Kwa hiyo mwaga yote, weka DOT 4 mpya au 5.1 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, na utoe upepo magurudumu yote manne, ukianza na lile lililo mbali kuliko yote na masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Magari yetu usukani uko kulia, hivyo mara nyingi ni la nyuma kushoto. Endelea mpaka yanayotoka yawe na rangi ya yale unayomimina. DOT 5 bila hiyo ".1" iache dukani, ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine.

Pedi: usiende na iliyobaki chini ya nusu. Diski imepigwa chapa ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, iko pembeni au kwenye kofia ya katikati, ipanguse kutu uisome, kisha upime. Halafu fungua zile pini ambazo kalipa, kile kibanio cha pedi, inateleza juu yake. Pini nzima unaivuta kwa vidole viwili. Ikibidi umwite dogo aje na nyundo, basi pedi ya upande mmoja imekuwa ikifanya kazi peke yake siku nyingi.

Na mipira ya breki, ile mifupi inayoingia kwenye kalipa. Ikunje kwa mkono. Ukiona nyufa kama za kisigino, inatoka. Usibishane nayo.

Nakuja na maji na oili. Ngoja ninywe chai.

Wa_Sahare

Nimeweka kambi hapa.

Ila mkuu, hizo breki zikishawekwa mpya si unazitestia tu Pongwe kwenda Muheza saa sita usiku? Lami nzuri, hakuna mtu.

MkongeSita

Kuna mtu. Kuna mwenye baiskeli isiyo na taa, anarudi kwake. Tanga hii, baiskeli haikosekani saa yoyote. Nani alikwambia barabara ya watu ni uwanja?

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa, kweli, ila hilo linafanyika mchana kwa spidi halali. Toka 80 shuka hadi kama 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa ukiacha nafasi kati, kisha endesha taratibu zipoe bila kuzikanyaga. Kinachokatazwa ni kusimama kabisa huku umezibana zikiwa za moto. Pedi inaacha alama yake kwenye diski na usukani unaanza kutetemeka, halafu unasema diski imepinda.

Mzee_wa_Pongwe

Wanangu, nimesoma nikacheka kwa furaha. Huyu kijana anasema kweli.

Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na 1968 tena saba tu. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lilikuwa Peugeot 404. Wenye magari yenye nguvu kuliko hilo walikuwepo, wakabaki kwenye matope. Yule kijana mwenye 504 ya baba yake aitunze. Ukoo wake unajulikana.

MkongeSita

Shikamoo mzee. Asante kwa kuliweka hilo, na nitamwambia wa Mikanjuni.

Haya, maji.

Fungua mfuniko wa rejeta, gari likiwa limepoa, tafadhali. Chungulia. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, hayo ni maji ya bomba na kutu ya miaka. Na kama huwa mnajaza ya kisima ndiyo mbaya zaidi, visima vyetu vya pwani vina chumvi, inaganda ndani ya vijirija vya rejeta na hewa ya nje haiwezi tena kupoza kitu. Safisha mfumo mzima, weka kulanti, ile dawa ya rejeta, na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu.

Mfuniko wenyewe watu wanauona kama kizibo cha chupa. Una springi ndani na kazi maalumu. Mfuniko mzima unashikilia shinikizo la kama 0.9 bar, na chini ya shinikizo hilo hata maji matupu hayachemki kwa nyuzi 100, yanasogea mpaka karibu 118. Springi ikichoka au mpira ukikatika, umerudi 100, na injini inayozungushwa elfu tano bila kupumzika inafika hapo mapema sana. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote nitakazotaja humu, na ndiyo inayosahaulika.

Hosi za juu na chini zibinye injini ikiwa baridi. Ikiwa ngumu kama kuni au laini kama ndizi mbivu, badilisha. Angalia feni inazunguka kwa nguvu injini ikiwa ya moto. Na kama taimingi belti hujui imebadilishwa lini, ichukulie haijabadilishwa. Zamani hizo Toyota walikuwa wakisema kilometa 100,000, lakini belti ya gari lililokaa bandarini, kisha kwenye yadi, kisha kwa mtu ambaye hakuwa na pesa, inazeeka pia kwa miaka.

Jembe_la_Kange

Mkuu sijaona umetaja kutoa themostati, ile vali ya joto kwenye njia ya maji. Fundi wangu ana miaka ishirini kazini anazitoa zote, anasema ni za nchi za baridi. Gari langu tangu itolewe halijawahi kuchemsha.

MkongeSita

Nilijua litakuja hili.

Themostati ina kazi mbili. Ya kwanza kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka. Ukiitoa, injini inakaa baridi, kompyuta inadhani bado asubuhi, inamimina petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Wewe unaona mshale uko chini unafurahi.

Ya pili ndiyo inayohusu uwanja. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina mguu wa chini unaoziba njia ya mkato injini ikishapata moto, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kwenda kupoa. Mjini huoni tofauti. Ukiibana dakika kumi na tano mfululizo ndiyo utaiona.

Kama gari lilikuwa linachemsha likiwa na themostati, basi ama themostati yenyewe ilikuwa imekufa, ama rejeta imeziba. Fundi wako alizima king'ora, moto akauacha. Simdharau, wengi wamefundishwa hivyo.

Jembe_la_Kange

Sawa, ila mimi bado naona zetu za joto hazihitaji.

Bi_Spana

Jembe, kaka yangu, nunua moja, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto uone inafunguka nyuzi ngapi. Nyingi ni themanini na kitu. Joto la Tanga hata mwezi wa pili halifiki nusu ya hapo. Haijui kama iko Tanga au Tokyo, inajua maji yaliyoigusa tu.

Wakuu, mimi ni fundi wa chini ya gari, gereji yetu iko Ngamiani, na mwenye uzi kaniomba nije niseme la kwangu. Nitasema la kutu na la bushi, ile mipira ya viungo vya saspensheni.

Magari yanayolala Raskazone na Sahare yana kutu ambayo ukiwa umesimama huioni. Bodi inang'aa. Juzi ililetwa GX100 nyeupe, safi, mwenyewe anataka tu alaimenti, kunyoosha magurudumu, kwa ajili ya huo huo uwanja. Nikaipandisha, nikachukua bisibisi kubwa, nikaanza kugonga kwa mpini kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia ti, ti, ti. Nilipofika pale jeki inapokaa upande wa kushoto ikalia pu. Nikageuza bisibisi, nikasukuma kwa ncha bila hata kutumia nguvu, ikaingia mpaka kwenye mpini. Mchanga wa kahawia ukamwagika usoni. Ndani mle walikuwa wameziba kwa puti ya bodi, wakapaka rangi nyeusi ya chini juu yake. Hapo hamna alaimenti. Hapo ni kukata, kuchomelea bamba jipya, ndiyo tuzungumze.

Kwa hiyo gonga kila mahali: mikono ya saspensheni inapofungwa, minara ya shokapu, fremu ndogo ya mbele. Kisha fuata mabomba ya chuma ya breki kwa kidole, yote, mpaka nyuma. Yanaoza pale yanaposhikwa na klipu kwa sababu mchanga na chumvi vinakaa hapo. Bomba lenye magamba halisuguliwi kwa msasa, linabadilishwa.

Bushi sasa. Gari la miaka ya tisini ambalo halijabadilishwa bushi, ukikanyaga breki kwa nguvu magurudumu yanaamua yenyewe yaelekee wapi. Weka nondo ndefu kati ya mkono na fremu, nyanyua, tazama mpira. Ukiona umeachana na chuma, huna bushi. Boli jointi na tairodi shika tairi saa tisa na saa tatu, tikisa, kisha saa kumi na mbili na saa sita, tikisa tena. Mlio wowote wa ko, ko, tafuta unatoka wapi kabla ya kufunga tairi.

Na alaimenti mwisho kabisa, baada ya haya yote. Watu wanaanza nayo.

Wa_Sahare

Dada umenitisha, kesho naamka na bisibisi.

Swali: nikikata springi nusu mzunguko ishuke, kona si itashika vizuri?

Bi_Spana

Usikate. Springi ya Mark II ncha yake imekaa kwenye kiti chake kwa umbo. Ukiikata haikai tena sawasawa, gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka mahali pake. Pia umefupisha safari ya shokapu, linagonga mpira wa mwisho, na likigonga katikati ya kona gari linaruka pembeni bila kukuaga. Shokapu zima na springi zake za kiwandani zinashinda huo ujanja.

MkongeSita

Bi_Spana asante sana. Huyu dada msimwone hivi, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusikiliza beringi kwa bisibisi sikioni.

Oili nitapita haraka. Mwaga, weka mpya na chujio jipya kabla ya kwenda, na ijaze mpaka alama ya juu kabisa, isipite. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukiwa na kidogo pampu inavuta upepo. Taa nyekundu ya oili ikiwaka hata kwa kupepesa kwenye kona, zamu yako imeisha, toka. Injini kongwe zikizungushwa juu zinakula oili, kwa hiyo beba lita ya ziada na upime kila ukitoka. 5W-30 uliyozoea kwa kwenda kazini unaweza kupanda hadi 10W-40 kwa injini yenye umri na kwa joto letu, ilimradi kitabu cha gari kinaikubali.

Wenye otomatiki, na najua ndio wengi: joto linaua giaboksi kabla ya injini. Nusa ATF, yaani oili ya giaboksi, kwenye kijiti. Ikinuka kuungua, usiende, kwanza giaboksi. Ukiwa uwanjani zima OD (ovadraivu) ili lisihangaike kupanda na kushuka gia ya juu, na usiogope kumaliza zamu yako mapema. Asiyejua ATF gani asome kijiti au kitabu, asimuulize muuza duka, atakupa aliyonayo.

Tairi. Wengi tunavaa za mtumba na sitawahukumu. Lakini tafuta zile tarakimu nne kwenye ubavu, baada ya herufi DOT. Ikiwa 2318, imetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira wa miaka mingi unaweza kuwa na meno mazuri na bado ukawa mgumu kama soli, haushiki kitu. Choma kwa ukucha. Ukucha ukiteleza bila kuacha alama, hiyo ni tairi ya kuegeshea.

Upepo nunua kipimo chako mwenyewe, vile vya sheli kila kimoja kina lugha yake. Anza na 30 hadi 32 psi tairi ikiwa baridi. Ukizunguka, joto litaupandisha. Ukitoka pima papo hapo, punguza ziada, rudia zamu inayofuata. Chora mistari mitatu ya chaki ya shuleni kutoka kwenye meno kushuka ubavuni. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, tairi inalala, ongeza kidogo. Isipofutika kwenye bega, punguza.

Nati za tairi kwenye Toyota hizi ni 103 N·m kwa toki renchi. Yule dogo wa tairi anayeruka juu ya bomba anavuta bolti mpaka zinalegea zenyewe, na hujui mpaka siku inakatika. Zikaze, toka zamu ya kwanza, subiri zipoe, zikaze tena.

Karani_wa_Bandari

Niongeze la karatasi, maana vijana mnasahau.

Kuvuka Horohoro na gari lako unahitaji kibali cha muda cha gari na bima ya mtu wa tatu, ile kadi ya njano ya COMESA. Tanzania tumo kwenye mpango wake ingawa si wanachama wa COMESA yenyewe. Kadi hiyo inahusu madhara kwa watu wengine barabarani. Kisha chukua mkataba wako wa bima kubwa usome ukurasa wa mambo yasiyofidiwa: kwa kawaida mashindano na majaribio ya spidi yametajwa humo. Ukigonga ukuta wa uwanja, hilo bati ni lako. Ingia na gari ambalo ukilipoteza nyumbani patakalika.

Dogo_Duga

Helmeti ya bodaboda inafaa?

MkongeSita

Ile ya abiria, inayozunguka kichwani kama kofia ya kuazima? Hapana.

Helmeti ya pikipiki ya kweli yenye chapa ya usalama ya Snell M baadhi ya viwanja vinaikubali, vingine vinataka Snell SA, ile ya mbio za magari. Tofauti kubwa ni kwamba SA imejaribiwa na moto, kwa sababu ndani ya gari unaweza kuungua umefungwa mkanda. Uliza waandaaji kabla hujatoa pesa. Vaa pamba, mikono mirefu, viatu vya soli nyembamba. Ndala usije nazo hata kwenye eneo la kuegesha.

Sasa ndani ya gari. Toa kila kitu. Chupa ya maji, chaja, mazulia, kigoda cha mama mkwe kilichosahaulika buti. Chupa ndogo ikibingirika chini ya pedali ya breki, maelezo yote niliyoandika kule juu hayana maana. Fungua boneti uangalie betri. Nusu ya magari ya mji huu betri imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Tafuta kishikio chake cha chuma, na ncha chanya iwe na kifuniko. Ule mtungi wa kuzimia moto ulioununua kwa ajili ya trafiki, tazama mshale uko kwenye kijani, kisha ufunge kwa bano la chuma mahali mkono unafika ukiwa umefunga mkanda. Ndoano ya kuvutia iwe imeshafungwa, isitafutwe wakati umekwama kwenye mchanga na wenzio wote wamesimamishwa kwa ajili yako.

Uwanjani wenyewe. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha moto, hata kama nyuma yako kuna mtu anawasha taa. Wa mwisho ni wa kupoza, bila breki kali. Ukishaegesha usivute hendbreki. Viatu vya breki za nyuma vikiwa vya moto vinaweza kushika. Tia gia au P, weka jiwe nyuma ya tairi. Acha injini inguruma dakika mbili tatu kabla ya kuizima, fungua boneti. Pedali ikianza kuwa laini au kwenda chini kuliko zamani, toka, kwa sababu mzunguko unaofuata haitarudi yenyewe. Mshale wa joto ukipanda, zima ac, washa hita mpaka mwisho na feni yake, pandisha vioo chini, toka taratibu. Utachemka wewe badala ya injini, lakini gasketi ya hedi itapona.

Wa_Sahare

"Pandisha vioo chini" 😂

MkongeSita

Umeelewa lakini.

Mwana_Chumbageni

Mkuu uzi umeshiba. Sasa mimi pesa ninayo ya kitu kimoja mwezi huu. Kipi?

MkongeSita

Mafuta ya breki, na umlipe fundi atoe upepo wakati umesimama naye. Mfuniko wa rejeta ukibaki na chenji. Mwezi ujao pedi. Uwanja hauhami.

Na ukirudi salama: oili mwaga tena, imeshachoka. Vua magurudumu upime pedi, angalia rangi ya mafuta ya breki, osha chini kwa maji baridi ya bomba. Hiyo ni jumatatu yako yote.

Wa_Sahare

Bi_Spana, samahani nirudi. Nimeamka na bisibisi kama nilivyoahidi, chuma kinalia ti. Ila nimechungulia springi za mbele, mwenye gari wa kwanza alishazikata. Nijuaje kama ni mbaya kiasi gani?

Bi_Spana

Ncha ya chini ikoje? Ya kiwandani imemalizika vizuri na imelala kwenye kiti. Ya kukatwa ina kingo za grainda au imeyeyuka kwa gesi. Kama iliyeyushwa kwa gesi, chuma cha hapo kimepoteza ugumu wake, usisubiri. Pandisha gari gurudumu lining'inie, shika springi uitikise kwa mkono. Ikicheza, hilo gari haliendi uwanjani, na hata Kange uende nalo pole pole. Za GX100 za mtumba zinapatikana, tafuta jozi, mbili pamoja, mbele zote. Lete Jumatatu asubuhi kabla jua halijawa kali, na shokapu nitazitazama hapo hapo.